Waya Mwekundu Chini ya Tangi

Pikipiki ilizimika mchana kweupe, baada tu ya kuipita Kulamawe nikirudi Isiolo, na haikukohoa hata mara moja. Injini inayoishiwa petroli hukupa dalili. Hugugumia, hukata, hurudi, ukapata nafasi ya kujipanga. Hii ilinyamaza kama redio iliyochomolewa waya. Taa ndogo za dashibodi zilizimika pamoja nayo, sindano zikalala, nikabaki nateleza juu ya lami nikisikia upepo na mlio wa tairi peke yake. Nikaivuta kando ya barabara, nikashusha stendi, nikabonyeza honi. Kimya. Nikabonyeza stata. Hata ule mlio mdogo wa betri iliyochoka haukuja.

Ile barabara si ya kusimama-simama. Tangu lami ifike magari yameongezeka, lakini bado kuna vipande virefu ambavyo ni wewe na migunga na mbuzi ambao mchungaji wao humwoni. Kila mtu Isiolo ana habari ya mtu aliyesimama mahali pabaya. Nilipovua helmeti na kugeuka nyuma, niliona pikapu nyeupe ikija. Nilikuwa nimeiona Kulamawe, imeegeshwa mbele ya duka nilipokunywa chai. Ilipunguza mwendo ilipofika kwangu. Wanaume wawili waliokuwa ndani walinitazama, wakayatazama masanduku ya pikipiki, hawakupunga mkono wala kutoa salamu, wakapita. Niliitazama mpaka ikapotea kwenye kona, kisha nikaendelea kuitazama ile kona.

Hapo simu ikaita. Alikuwa mke wangu. Mtandao wa pale hushika na kuachia, na sauti yake ilikuja vipande vipande, ila swali lake nililisikia vizuri.

"Umesimama kwa nini?"

Nilimjibu kwamba nafunga mzigo uliolegea, naja. Akauliza kama niko salama. Nikasema niko salama, simu ikakatika. Nilikuwa nimeshairudisha mfukoni na kuinama kutafuta bisibisi wakati maneno yake yaliponirudia. Sikuwa nimempigia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimesimama.

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo. Nafuata siku za soko, leo Kinna, kesho Kulamawe, wiki nyingine Merti, nikibeba dawa za minyoo na za kupe pamoja na mabomba ya sindano. Pikipiki niliipata kwa mgeni aliyekuwa akishuka kutoka Ethiopia kuelekea kusini. Mgongo ulimshinda alipofika Isiolo, akaamua safari imetosha, akaniuzia. Ni kubwa, ya zamani, iliyotengenezwa kwa safari ndefu, ina kioo cha kukinga upepo mbele, tangi pana, na masanduku mawili ya alumini ubavuni. Watoto wa mtaa wetu wanaiita helikopta. Baba yangu hakuipenda tangu siku ya kwanza. Yeye ni mtu wa malori. Babu yake aliletwa Isiolo akiwa askari wa Waingereza, na tangu apewe mahali pa kukaa ukoo wetu umeishi kwa biashara na usafirishaji. Kwa Aabo, kama tunavyomwita nyumbani, magurudumu mawili ni ya mtu aliyeshindwa kupata manne.

Kuna jambo ambalo inafaa niliseme mapema, kwa sababu ndilo lililofanya lile swali la simu linichome. Siku ile sikuwa natoka Kulamawe tu. Nilikuwa nimeanzia Rapsu, upande wa Kinna kwenye mifereji ya umwagiliaji, ambako nilikuwa nimekodi kipande cha shamba na kupanda vitunguu. Nyumbani hakuna aliyejua. Aabo alikuwa ameshavumilia mimi kuyakataa malori. Sikutaka asikie kwamba sasa nimeshika jembe kabla sijawa na gunia la kumwonyesha. Mke wangu nilinuia kumwambia baada ya mavuno. Kwa hiyo nilipoulizwa kwa nini nimesimama, wazo langu la kwanza halikuwa pikipiki. Nilijiuliza ni nani ananitazama, na ameanza lini.

Nilifungua kiti. Vichwa vya betri vilikuwa vimekaza. Nikachomoa fyuzi kubwa, ile inayolinda umeme wote, nikaiinua kwenye mwanga. Uzi wake ulikuwa mzima. Nikaweka nyingine hata hivyo, na dashibodi ikabaki giza. Kila nilipoinama nilihisi kama mtu yuko nyuma yangu, nikainuka kuangalia, nikainama tena. Mwishowe nilishika usukani, nikaukata kushoto ili niisukume pikipiki kivulini, na taa zote zikawaka. Zenyewe tu. Nikabonyeza stata, injini ikaitika kama kwamba hatukuwa na ugomvi wowote.

Sikukaa kuchunguza. Nilipanda nikaondoka. Mbele, baada ya ile kona, niliikuta ile pikapu nyeupe imesimama chini ya mti na wale wanaume wawili wameelekea kibla, wanaswali alasiri. Mtu mwingine angeona haya kwa aliyokuwa amewadhania. Mimi niliwapita bila kupunguza mwendo, nikiwatazama kwenye kioo cha pembeni mpaka wakawa nukta.

Nyumbani nilimwuliza mke wangu alijuaje kwamba nimesimama. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha. Alisema ni rahisi, mtu akishika simu yuko juu ya pikipiki lazima awe amesimama, tena hakusikia mlio wa injini. Jibu lilikuwa na akili, na ndilo lililonisumbua. Siku zote akinipigia njiani huanza kwa kuuliza niko wapi. Siku ile hakuuliza niko wapi.

Asubuhi nilipeleka pikipiki kwa fundi wangu, ambaye gereji yake iko nyuma ya soko. Ndiye aliyekuwa ameishughulikia mara ya mwisho, alipobadilisha mnyororo na breki, na ilibidi nimwachie pikipiki ilale pale. Aliiwasha, ikawaka. Akawasha taa, zikawaka. Akagonga betri kwa kidole, akasema hii ndiyo mgonjwa, itafutiwe nyingine. Nilimwambia kwamba betri mgonjwa hainyamazi na kufufuka ukikata usukani. Nikamwomba aondoe tangi tuangalie nyaya za chini.

"Tangi liache," alisema. "Ukianza kufungua hizi za zamani hutamaliza."

Huyu ni mtu ambaye ukimletea baiskeli yenye pancha atataka kuifungua yote. Nilimtazama akirudisha kiti haraka, akafuta mikono, akamgeukia mteja mwingine ambaye zamu yake ilikuwa haijafika. Niliondoka na betri ile ile. Njiani nilianza kuunganisha mambo. Pikipiki ililala kwake. Ana funguo za kila kitu. Kama kuna mtu alitaka isimame mahali fulani, si angefanyia pale?

Ilizimika tena Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, mbele ya msikiti, watu wakitoka kuswali. Niliisukuma hadi nyumbani huku wazee wakinisalimia mmoja mmoja, na kila mmoja akiuliza kama petroli imeisha. Nilipoifikisha uani niliamua kwamba haitaguswa na mkono wa mtu mwingine.

Si kwamba mimi ni fundi. Nimesoma mambo ya mifugo. Lakini kutafuta umeme uliopotea si tofauti sana na kutafuta mahali mnyama anapoumia. Unaanza pale ulipo na uhakika, unasogea kidogo kidogo, unabonyeza, unatazama. Nilikuwa na testa, kile kitaa kidogo chenye waya mmoja na ncha kali. Nilifunga waya wake kwenye chuma cha fremu, nikagusa betri kwa ncha. Kitaa kikawaka. Nikagusa upande wa kuingilia wa fyuzi kubwa, kikawaka. Upande wa kutokea, kikawaka. Nikaenda mbele kwenye swichi ya ufunguo, nikafungua plagi yake, nikagusa waya mwekundu mnene unaoleta umeme kutoka nyuma. Giza. Nikashika usukani, nikaukata kushoto polepole. Kitaa kikawaka. Nikaurudisha, kikazima.

Basi umeme ulikuwa unatoka salama nyuma na kupotea kabla haujafika mbele, na njia yake yote katikati iko chini ya tangi. Pale pale nilipoambiwa niache.

Niliondoa tangi. Nyaya za kiwandani zilipita juu ya fremu zimefungwa pamoja ndani ya mpira uliofifia, vumbi limekaa juu yake sawasawa. Isipokuwa sehemu moja, karibu na shingo ya usukani. Pale mpira ulikuwa umepasuliwa, na palikuwa na uvimbe wa tepe nyeusi, mpya, inang'aa. Niliifungua kwa ukucha. Ndani yake waya mwekundu ulikuwa umechunwa kwa kisu, na aliyeuchuna alikuwa amekata pamoja na ngozi nyuzi nyingi za shaba. Zilizobaki zilikuwa zimekatika zenyewe kwa kuvutwa na kutikisika, zimegeuka kijani, ncha zake zikigusana usukani ukielekea upande mmoja na kuachana ukielekea mwingine.

Nilikaa chini kwenye zege. Waya uliokatwa na kisu. Kwa muda sikuona kitu kingine ila mkono wa mtu na kile kisu.

Kisha nikaona kwamba kutoka kwenye kile kidonda kulikuwa na waya mwingine mwembamba, ambao haukuwa wa pikipiki. Niliufuata kwa kidole. Ulirudi nyuma ukijibanza chini ya fremu, ukapita chini ya kiti, ukaingia nyuma ya kisanduku cha vifaa. Nikapenyeza mkono, nikatoa kidude cheusi, kidogo, kimefungwa kwa plastiki, na ubavuni mwake kitaa cha kijani kinapepesa. Mtoto wa mtu wa malori hawezi kukosa kukijua. Ni kile wenye magari hufunga ili wajue gari liko wapi, na likisimama au likikatiwa umeme hutuma ujumbe kwenye simu ya mwenyewe. Mjini tunakiita traka.

Sikumwambia mtu. Nilikata sehemu iliyooza ya waya mwekundu, nikaunganisha kipande kipya, nikakichomea vizuri kwa risasi ya kuyeyusha na kukivika mpira. Traka niliirudisha mahali pake, nikaiunganisha tena. Niliwaza kwamba anayenitazama aendelee kunitazama, mpaka nimwone yeye.

Nilipeleka habari nusu kwa fundi. Nilimwuliza, kama jambo la kupita, kama aliwahi kuona waya mgeni kwenye pikipiki yangu. Alisema hajui, kisha akaosha mikono kwa muda mrefu kuliko mikono yake ilivyokuwa michafu. Nyumbani nilianza kumsikiliza mke wangu. Simu yake ikilia nilikuwa nahesabu ni nani. Akienda kwa Aabo, ambaye nyumba yake iko ua wa pili, nilikuwa natazama anakaa kiasi gani. Alikuwa anampelekea chai siku zote, hilo si geni, ila sasa niliona kwamba chai ilikuwa inachukua muda. Naye alikuwa ananitazama mimi. Nikirudi alikuwa akinusa shati kabla ya kulifua. Tulikula sinia moja, tukaongea habari za shule ya watoto, kila mmoja akiwa mwangalifu kama mtu anayevuka daraja bovu.

Siku niliyochagua, niliaga mbele ya wote wawili kwamba naenda Kinna, sokoni. Nilitoka mjini, nikazunguka, nikashika barabara ya kaskazini badala ya ile ya mashariki, na nikasimama Ngaremara. Pale nina mteja mwenye duka, mwanamke Mturkana anayechukua dawa za mbuzi kwangu. Nilimwomba aniwekee pikipiki nyuma ya duka, kwenye kivuli, nitairudia. Hakuuliza maswali. Nikapata bodaboda, nikajifunga leso usoni kama mtu anayeogopa vumbi, nikarudi mjini.

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitafurahi nikigundua. Lakini nilipofungua geti la Aabo polepole na kuona ndala za mke wangu mlangoni, nilitaka kugeuka nirudi nilikotoka. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti yake ilitoka vizuri.

"Bado yuko pale pale. Ngaremara. Hajasogea."

"Kinna na Ngaremara wapi na wapi?" Aabo aliuliza.

"Hata mimi sielewi, Aabo."

Nilivua viatu, nikaingia, nikatoa salaam aleikum. Mke wangu aliinuka nusu na kubaki hivyo, simu ya Aabo iko mkononi mwake. Aabo alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea mto. Ndiye aliyeitika salamu, yote, bila haraka, kama kwamba nilikuwa nimetarajiwa.

Niliuliza ni nani alikifunga. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kwa sauti ya juu, ikatoka ya chini.

"Mimi," Aabo alisema. "Huyu usimwambie kitu. Macho yangu hayashiki maandishi ya simu, nikamwomba anisomee."

Alieleza bila kuficha. Alimleta mtu anayefunga hivyo vidude kwenye malori, wakati pikipiki iko kwa fundi, na fundi akaapishwa anyamaze. Siku ile ya Kulamawe simu yake ilipokea ujumbe kwamba umeme wa pikipiki umekatwa na pikipiki haiendi. Akamwita mke wangu amsomee ule ujumbe, na mke wangu, kwa hofu, akanipigia kabla hajafikiria atasema nini.

Nikamwambia Aabo jambo ambalo hakulijua. Nikamweleza kwamba umeme ulikatika kwa sababu ya kidude chake. Kwamba mtu wake alichuna waya mkuu kwa kisu, akaukata karibu wote, akaufunika tepe. Kwamba kama ungekatika nikiwa nalipita lori, wakati lori lingine linakuja mbele, angepokea ujumbe mzuri sana wa kumwonyesha nilipo.

Aliniomba nirudie. Nilirudia. Alijitoa kwenye mto, akakaa wima. Kisha alisema kitu ambacho alikuwa hajawahi kukisema mbele yangu, ingawa jambo lenyewe tulilipitia sote wawili.

Nilikuwa na mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeyapenda malori. Siku moja aliaga kwamba anapeleka mzigo Garba Tula, na hakufika wala hakurudi. Mimi na Aabo tulimtafuta kwenye barabara hiyo, tukiuliza kila duka na kila kizuizi, tukashuka hata kwenye mabonde madogo. Kumbe njiani alipata mzigo mwingine wa upande wa Merti, akageuza, na lori likapinduka kwenye laga, mto ule mkavu, karibu na Korbesa. Tulipofika watu wasiomjua walikuwa wameshamwosha, wamemswalia, wamemzika. Walitufanyia wema ambao hatutaulipa. Lakini Aabo alifika akakuta udongo.

"Mtoto mmoja nilimtafuta kwenye barabara isiyo yake," alisema. "Wa pili sitamtafuta hivyo."

Hasira yangu haikuondoka. Ilikosa pa kusimama tu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akauliza kama ningekubali. Nikasema hapana. Akainua mkono mmoja, kama kusema basi, unajibu mwenyewe.

Nilidhani mambo yameisha. Nilikuwa tayari nimeshaanza kukaa chini wakati mke wangu alipoiweka simu kwenye mkeka na kunigeukia.

"Na Rapsu kuna nani?"

Alisema kila wiki kidude kinasimama Rapsu. Kinasimama mchana kutwa, mahali pamoja, mbali na soko. Alisema mwanzoni alikuwa anamsomea Aabo, kisha akaacha kumsomea sehemu hiyo, akawa anasema niko Kinna, kwa sababu alikuwa anaona haya kwa niaba yangu. Alikuwa ameibeba siri hiyo peke yake tangu mvua iliyopita.

Nikasema, "Vitunguu."

"Vitunguu," alirudia.

Nikaeleza shamba, mfereji, miche, na kwa nini nilinyamaza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia ninavyosikika. Aabo alinitazama kama mtu anayesikiliza shahidi wa upande wa pili. Mke wangu alisubiri nimalize.

"Mwanamume haendi kuficha vitunguu," alisema. "Tunaenda kesho, sote."

Kwanza nilirudia pikipiki Ngaremara. Asubuhi tulikwenda kwa pikapu ya Aabo, yeye mwenyewe akiendesha, mke wangu katikati, mimi dirishani. Tulipokaribia Kulamawe Aabo aliniuliza pikipiki ilizimika wapi. Nikamwonyesha. Alipunguza mwendo, akaangalia mahali pale patupu, akaongeza mwendo tena.

Rapsu, mtu wa kwanza kutukuta alikuwa mwanamke wa shamba la jirani, wa umri wa mke wangu, mchangamfu, aliyekuja mbio akinisalimia na kuniuliza kwa nini nimepotea wiki nzima na maji yanapita. Niliona shingo ya mke wangu ikikaza. Nikaanza kujieleza kabla sijaulizwa, jambo ambalo halikunisaidia. Mume wa yule mwanamke alitokea nyuma ya migomba na jembe begani, akanishika mkono, akamwuliza Aabo habari za safari. Na bado mke wangu hakulegea. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda changu cha mabati, akafungua mlango bila kuniomba ruhusa, akaingia. Nilisimama nje nikimsikia akisogeza vitu. Ndani mlikuwa na jembe, bomba la kupulizia dawa, magunia matupu, na kikombe kimoja.

Alipotoka alikuwa amekishika kile kikombe. Alikigeuza, akatazama ndani, akakirudisha. Kisha akaingia shambani, akachuchumaa, akang'oa kitunguu, akakisugua udongo kwa kidole gumba.

"Vimekaribiana sana," alisema. "Ungeniuliza ningekuambia."

Kwao upande wa Merti hawalimi. Sikuuliza alijulia wapi. Nilichuchumaa karibu naye, tukaanza kung'oa vilivyobanana, mstari baada ya mstari. Aabo alibaki kwenye ukingo wa mfereji akitazama maji. Alimwuliza yule jirani yanatoka wapi, na kama yamewahi kukauka, na kama lori linaweza kufika mpaka hapa wakati wa mvua.

Traka niliitoa. Aabo hakupinga, ila hakuomba radhi pia, na mimi sikuidai. Fundi alikuja mwenyewe nyumbani baada ya habari kumfikia, akasimama getini, akasema mzee wako alinishika mkono akaniomba, ningefanyaje. Nilimwambia angefungua tangi. Hatukugombana, ila kwa muda mrefu pikipiki nimekuwa naifungua mwenyewe, na hata sasa, kabla ya safari, nainua kiti na kupitisha mkono nyuma ya kisanduku cha vifaa. Sijakuta kitu. Waya mwekundu haujanisumbua tena.

Kilichobaki ni kwamba naaga. Kabla ya kuondoka napita ua wa pili, na Aabo ananiuliza barabara gani. Namwambia. Anairudia kwa sauti, kijiji kwa kijiji, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Nikibadilisha njia, nasimama mahali penye mtandao nampigia. Siku nyingine nikiwa nimeshavaa helmeti ananiita nirudi, ananiuliza mara ya pili, na ninamjibu mara ya pili.